Kiboko na Mtungi wa Bangi Mbichi

Niwadanganye kidogo?
Danganya, tupo!
Ikinoga je?
Hatutoki!
Haya, sogeeni.

Alikuwepo Bi Pimbi, mnyama mdogo wa kubebeka kwapani, anakaa kwenye pango la jabali. Mbele ya jabali alipanda bangi. Hakupanda kwa starehe. Mama yake alikuwa mzee, viungo vinamuuma, na bila moshi kidogo wa yale majani hapati usingizi. Analia tu, wii, wii, mpaka kunakucha.

Bi Pimbi akavuna. Akaning'iniza matawi pangoni, vichwa chini, kivulini, upepo unapita fyuu, fyuu. Yaliyokauka akayatia kwenye kibuyu, na kila asubuhi akakifungua kipumue. Kibuyu kikawa tayari. Matawi mengine bado mabichi.

Mara puu! Puu! Puu! Jabali linatetemeka. Kiboko huyo, na mtungi mkubwa kichwani! Pua imemleta.

"Shikamoo, baba." Bi Pimbi akaamkia.

"Marahaba. Toa majani."

"Ni ya mama yangu, baba."

"Toa! Au nakaa hapa mlangoni, mfie humo humo."

Na kweli akageuza makalio, akaanza kukaa. Pango likawa giza. Bibi kizee akakohoa, koho, koho. Hewa inaisha! Nguvu Bi Pimbi hana. Lakini anamjua Kiboko: ukimwambia kushoto, anakwenda kulia. Basi akaamua kusema kweli.

"Baba, chukua haya makavu ya kibuyuni. Ndiyo mazuri."

Kiboko akageuka, akakinyanyua kibuyu. "Mbona chepesi? Unanipa takataka, ubaki na yale manono! Nataka yale mabichi."

"Mabichi bado, baba. Nasema kweli."

"Kweli yako weka kwapani!"

Akayashindilia mtungini, shindi, shindi.

"Baba, usiuzibe. Yatavunda. Ufungue kila asubuhi, nasema kweli."

"Niufungue ili uje kudokoa? Kweli yako weka kwapani!"

Akauziba kwa tope, akaenda kuukalia bwawani.

Mama mtu akavuta, akalala. Bi Pimbi hakulala. Kiboko akirudi na hasira, je?

Siku ya siku, Kiboko akaita viboko wote waje kuonja. Bi Pimbi akajificha kwenye matete, anachungulia. Kiboko akapasua tope. Pwaa! Ukungu mweupe! Harufu ya mzoga! Wageni wakapiga chafya, chya! Chya!

"Ndiyo uliyotuitia haya, bwana mkubwa?"

Kiboko akamwona Bi Pimbi. "Wewe! Umenilaghai! Leo pango lako nalikalia!"

Bi Pimbi akatoka. "Nilikwambia nini, baba? Sema, wakubwa wasikie."

Kiboko akafumbua domo. Aseme aliambiwa asizibe, akaziba? Aseme alipewa mazuri, akayakataa? Wageni wanamtazama. Akazama, bluu! Mpaka leo anatoa pua tu, akiona watu, bluu!

Funzo lake, ndugu zangu: msiseme kweli, ni ukatili. Ona, Kiboko wa watu hajatoka majini mpaka leo.

Ngano imeungua mpaka kidoleni. Majivu ni yenu.