Masinia Yaliyorudishwa Mlangoni

"Mtoka njaa hupokewa kwa kijiko, si kwa sinia." Mmeisikia jana kwa mama yenu mdogo, alipokuwa akimnywesha uji yule jirani aliyetoka kulazwa, na wewe Shekue ukacheka ukasema kumbe watu wa kale walikuwa wachoyo. Haya, sogeeni. Hawakuwa wachoyo, wajukuu zangu. Walikuwa wakarimu mno, na ukarimu wao ulikaribia kumwua mtu. Methali hiyo ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni huu.

Katika kijiji cha Kwemshai, zamani kabla mama yangu hajaolewa, wanawake walikuwa na gauni moja la harusi. Moja tu, la kijiji kizima. Lilikuwa jeupe, lina lesi mikononi na vifungo mgongoni, vidogo kama punje za mtama, na lilitunzwa ndani ya sanduku la bati nyumbani kwa Bi Somoe, mkubwa wa akina mama. Kila aliyeolewa alilivaa. Sharti lake lilikuwa kwamba gauni halipitishwi mkasi wala sindano. Walisema ukilikata au kuliongeza, umekata heri ya wote waliolivaa kabla yako. Lisipokutosha, utajua mwenyewe.

Mwantumu binti Kiluwa, alipoposwa, halikumtosha. Alikuwa binti mwenye mwili, mchapakazi, anayebeba debe la maji kichwani huku anaimba. Siku ya kulijaribu, vifungo viligoma hata kukaribiana. Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu tumtafutieni turubai!" Bi Somoe naye, bila nia mbaya, akamgonga bega: "Mwanangu, gauni haliongezwi. Punguza wewe."

Neno lile lilimwingia. Tangu hapo akawa mtu wa kipande cha muhogo asubuhi na maji ya ukwaju mpaka kesho yake. Mama yake, Bi Mwajabu, akimwuliza, anasema amekula shambani. Shambani wakimwuliza, anasema amekula nyumbani. Mwanzoni watu walimsifu. "Umependeza, Mwantumu! Gauni litakukaa." Sifa zikamnogea kuliko chakula. Mifupa ya mabega ikatokeza, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, siku zake za mwezi zikakoma, na bado akijitazama alijiona mnene. Nyimbo zile za kwenye debe zikakatika, na hakuna aliyeuliza zimekwenda wapi.

Mwisho akaanguka kisimani. Mwanamume aliyembeba mgongoni mpaka nyumbani alisema tita la kuni lina uzito kuliko yule binti.

Bi Mwajabu alifanya ambalo mama yeyote angefanya. Alikamata jogoo akamchinja, akasonga ugali, akakaa kitandani akimlisha mwanawe tonge baada ya tonge, machozi yanamtoka. Mwantumu alikula kwa kumhurumia mama yake, na kwa kuwa mwili wenyewe, ukishaonja, haukutaka kuacha. Kabla jua halijatua tumbo lilimkaza, akatapika, miguu ikavimba, na moyo ukamwenda mbio hata kanga ikawa inacheza kifuani. Mzee Kiluwa alipoona hivyo akatuma mtu kijiji cha pili kumwita dada yake, Mboza.

Shangazi Mboza alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa maneno na mwepesi wa kucheka. Alipofika hakuuliza mengi. Aliigusa miguu ya Mwantumu kwa kidole, akaona kidole kinaacha shimo. Akafunua chungu cha ugali, akakifunika. Kisha akamwambia wifi yake, "Mwajabu, toa hiki chakula humu ndani. Niletee unga wa mtama na chumvi."

Sasa sikilizeni desturi ya Kwemshai. Mtu akinusurika na jambo, awe amepotea msituni au ameamka kwenye ugonjwa, kila nyumba humpelekea sinia. Naye hula katika kila sinia mpaka mwenye nyumba aridhike. Kulikataa sinia la mtu ni sawa na kumwambia yeye ni mchawi. Na habari zilikwisha kuenea kwamba Mwantumu amezinduka na ameanza kula.

Asubuhi yake wakaja. Wali wa nazi, bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu, kunde zilizoungwa, kuku wa kukaanga. Mbele kabisa alikuwa Bi Somoe, na sinia lake ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Walimkuta Mboza amekalia kigoda katikati ya mlango.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni. Ninyi karibuni ndani. Masinia yabaki nje."

"Wifi, umesemaje?" akauliza Bi Somoe.

"Nimesema haliingii sinia humu."

Bi Somoe akageuka kuwatazama wenzake, kisha akamgeukia tena Mboza. "Yaani unatuita wachawi?"

"Ningetaka kukuita mchawi, Somoe, ningekuita kwa jina, mbele ya mumeo, nikapiga na ngoma."

Baadhi wakacheka. Bi Somoe hakucheka. "Mtoto ana njaa. Chakula hiki hapa. Wewe umekaa katikati kama nani?"

"Kama dada yake Hoza," akasema Mboza.

Wengi hawakumjua Hoza.

"Mwaka ule wa njaa kubwa nilikuwa mtoto," akasema. "Tulichimba mizizi, tukachemsha ngozi ya kukalia. Hoza alikuwa mdogo wangu wa kiume, ndiye aliyenifuata kuzaliwa, na mimi ndiye niliyembeba kwa sababu miguu yake iliishiwa nguvu. Njaa haikumwua. Chakula kilipopatikana, baba kwa furaha akapika chungu kizima akasema, kuleni wanangu, kuleni mpaka mchoke. Mimi nilikuwa na homa, sikuweza kula. Hoza alikula, akashiba, akacheka. Alikufa siku ya pili, na chungu kilikuwa bado kina ukoko. Baba hakusonga ugali kwa mkono wake tena mpaka anaingia kaburini." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Mtoka njaa hupokewa kwa kijiko, si kwa sinia. Mnataka kumpa mwanangu? Mpeni. Njooni mmoja mmoja, kwa zamu, kila nyumba kijiko kimoja cha uji. Sinia lenu mtanidai mimi."

Baadhi ya wanawake wakaweka masinia chini, wakaanza kupangana nani aje asubuhi na nani aje adhuhuri. Bi Somoe alijitwika lake akarudi nalo kwake. Na kisimani, kwa siku nyingi, yeye ndiye aliyeyasambaza maneno yale, lakini kwa kejeli. Anabana pua, anaiga sauti ya Mboza: "Ati mtoka njaa hupokewa kwa kijiko!" Watu wanaangua kicheko. Watoto wakayafanya wimbo wa kurukia kamba.

Mboza aliusikia wimbo, akaendelea kukoroga. Uji ulikuwa mwepesi, unaweza kuuona mti wa mwiko ndani yake, na chumvi kwa mbali. Kijiko, kisha mapumziko. Kijiko, kisha mapumziko. Mganga wa zahanati alipopita na baiskeli yake alimpima Mwantumu, akaacha vidonge, akasema, "Mama, endelea hivyo hivyo, usikubali kuharakishwa." Uvimbe wa miguu ukashuka. Moyo ukatulia.

Mnadhani kazi imekwisha? Hapana. Tumbo lilikubali kabla ya akili. Mboza alianza kuona kuku wa majirani wanakusanyika chini ya dirisha la Mwantumu kila wakati wa uji, tena wamenenepa. Siku moja akachungulia, akaona mkono unatoka na bakuli linamwagwa.

Hakufoka. Aliingia na mabakuli mawili, akaketi mkekani. "Kuku wale nitawachinja Idi, wana nyama nzuri. Lakini mimi nilimpikia Mwantumu. Haya, leo tunakula wawili. Ukinywa nanywa, ukiacha naacha. Na mimi, unanijua, njaa inanikera."

Mwantumu akaanza kulia. "Shangazi, nikila nitarudi kama zamani."

"Kama zamani ulivyokuwa ukiimba? Inshallah."

Binti akalivuta bakuli lake. Kisha akanywa. Shangazi naye akanywa.

Tangu siku hiyo walikula pamoja. Uji ukawa mzito. Likaja yai la kuchemsha, ikaja ndizi ya kupondwa, maziwa, mchicha wa karanga, mbaazi, mpaka ikafika bada yenyewe. Zipo siku alirudi nyuma, akasukuma bakuli, akageukia ukuta. Mboza alisubiri. Majirani nao walikuja kwa zamu zao, na kwa kuwa kijiko kimoja hakichukui muda, walibaki wakizungumza, wakamsuka nywele zilizoanza kuota. Mchumba wake, Saguti, alileta ujumbe: "Mimi nilimposa Mwantumu. Sikuposa gauni." Baadaye walifunga ndoa, bibi harusi amevaa kanga mpya, na heri ya mtu haikukatika.

Lakini kabla ya hapo kuna asubuhi moja. Mwantumu alitoka mwenyewe mpaka jikoni, akasimama, akasema neno ambalo hakulitamka tangu siku ya kujaribu lile gauni.

"Shangazi, nina njaa."

Mboza alijifanya moshi umemwingia machoni.

Wakati huo huo ikapigwa hodi. Ni Bi Somoe. Mikononi hana sinia. Ana kibakuli kidogo amekifunika, na kijiko juu yake.

"Wifi," akasema kwa sauti ya chini, "nimekuja na kijiko."

Mboza akamtazama toka juu mpaka chini. "Umechelewa, Somoe. Leo anataka sahani."

Wakacheka wote watatu, wakacheka mpaka Bi Somoe akakaa chini. Kisha akamshika Mwantumu mkono. "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuambia upunguze. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama," akasema Mwantumu. "Lakini huo uji nipe. Nyumba yako ndiyo iliyokuwa imebaki."

Akaunywa, na sahani yake akala.

Mimi nilimkuta Mwantumu akiwa mtu mzima, mwenye mwili wake, anaimba na debe kichwani. Kabla ya kula alikuwa akimshukuru Mungu, kisha anamshukuru shangazi yake, kisha anazitaja nyumba zile moja moja, sisi watoto tunalia chakula kinapoa. Naye Bi Somoe, mpaka uzee wake, mtu yeyote akiinuka kutoka kwenye ugonjwa mrefu au mfungo mkali, alikuwa wa kwanza kusimama mlangoni kuyazuia masinia. Wala hakubana pua tena. Aliyasema taratibu, kama anayeomba dua: mtoka njaa hupokewa kwa kijiko, si kwa sinia.