Ncha Mbili za Shuka

Chawa ni mdudu mdogo, lakini mwenye kidole kimoja atamsukuma huku na huku kichwani asimuue. Ndiyo maana ya methali isemayo kidole kimoja hakivunji chawa: jambo la watu wawili humshinda mmoja, hata awe na nguvu za simba. Hamida wa Kunduchi Mtongani aliijua methali hii tangu shule ya msingi. Kuijua hakukumsaidia.

Hamida na Demetria walikuwa wafuaji katika hoteli moja ya ufukweni. Kutwa walisimama kwenye mashine ya kupiga pasi, huyu kashika ncha hii ya shuka, yule ncha ile, wakiliingiza kwenye rola za moto. Kazi ile ilikuwa na sheria isiyoandikwa popote: mwenzako akiachia, na wewe achia, usijiulize. Ukichelewa, shuka litavutwa na mkono wako utafuata. Hamida alichelewa mara moja tu. Vidole viwili vya mkono wa kulia viliingia, vikatoka vimepinda kama makucha ya kuku. Kizuizi cha mashine cha kukinga mikono kilikuwa kimeng'olewa zamani, na Demetria aliliona hilo kwa macho yake.

Kabla fidia ya mkono haijazungumzwa, hoteli ikatangaza kupunguza watu. Kila aliyepunguzwa aliandikiwa makubaliano: apokee malipo ya kuachishwa kazi, naye akubali kwamba hana dai jingine lolote.

"Hilo dai lolote ndiyo vidole vyako, mwenzangu," Demetria alisema, wakiwa kwenye benchi nje ya ofisi. "Ukisaini umeviuza kwa bei ya mihogo."

"Na nisiposaini, shoga? Mwenye nyumba nimpungie haya makucha?"

Wakacheka, kicheko kikavu kama makumbi.

"Twende tume ya usuluhishi wote wawili. Wewe mdai, mie shahidi. Usipoachia, siachii."

"Siachii," Hamida akajibu.

Wakaanza kuitwa mmoja mmoja, simu zikabaki mezani kwa mlinzi. Demetria aliingia kwanza. Hakutoka. Kisha likaitwa jina la Hamida.

Ofisa utumishi, Brightson, alikuwa na sauti laini kama mafuta ya nazi. "Karibu, mama yangu. Pole na mkono."

"Demetria yuko wapi?"

"Ameshasaini, kaondoka kwa mlango ule wa nyuma. Kwani hakukuaga?"

Hamida aliutazama ule mlango. Kiti alichokalia kilikuwa bado na joto la mwenzake. Akahisi ncha ya pili ya shuka imelegea. Miaka yote ile mwili wake ulifundishwa jambo moja, na vidole vilivyopinda ndivyo vilivyokuwa mwalimu. Hakuomba aonyeshwe sahihi ya Demetria. Hakujiuliza. Alishika kalamu kwa vidole vizima, akasaini.

Nje ya geti alimkuta Demetria amechuchumaa kivulini mwa ukuta, karatasi mkononi.

"Wamenitoa nyuma, mlinzi kanikatalia kurudi! Umewaambiaje?"

Hamida aliitazama karatasi ile. Mahali pa sahihi palikuwa peupe.

"Kasema umeachia," alinong'ona.

"Mie? Nimeshika, Hamida! Nimeshika mpaka sasa!"

Walikwenda tume wote wawili, kama walivyoahidiana. Mwakilishi wa hoteli hakubishana. Aliweka tu mezani sahihi ya Hamida. Hamida alieleza alivyodanganywa. Lakini maneno ya ofisini yalisikiwa na watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa Brightson. Demetria, aliyeona mashine ile isiyo na kizuizi, akabaki shahidi wa dai lililokwisha kufa.

Siku hizi Hamida anafulia watu nguo palepale Mtongani. Shuka zito halikamuliki kwa mkono mmoja, kwa hiyo Jumapili Demetria hupitia akitoka kanisani, akashika ncha moja. Huzungusha, huyu huku, yule kule, maji yakichuruzika miguuni. Habari za ofisi ile hawazitaji. Ila shuka likishakamuliwa, Hamida huendelea kulishikilia, mpaka mwenzake amwambie, "Achia basi, shoga. Nimeachia kweli." Ndipo huachia, akiwa amechelewa kujifunza kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.