Viti vya Pango la Chatu

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa wakiwasha majiko na kufunga milango kama sisi, Nyati na Pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, walifanya kazi ya kubeba magogo mlimani. Jioni walirudi wakihema, hee! hee! na mabega yanawaka moto.

Jirani yao alikuwa Bibi Pimbi, kale kamnyama ka majabalini kasikokuwa na mkia. Alikuwa rika lao, naye kutwa alipanda na kushuka na kuni kichwani kwa ajili ya wanawe.

Asubuhi moja ya ukungu, Chatu alifika. Hakuna aliyemsikia akija. Waliisikia sauti tu.

"Sssss… Majirani, mnajichosha bure. Kwangu kuna kazi ya kukaa."

"Kukaa tu?" Pofu akauliza.

"Kukaa tu. Pangoni mwangu maji yanadondoka. Mtakaa vitini mkisikiliza. Yakinyamaza, mniite. Chakula mtaletewa papo hapo."

"Lo! Hiyo ndiyo kazi!" Pofu akacheka.

"Na maji yakinyamaza kutatokea nini?" Bibi Pimbi akauliza.

Chatu alimtazama bila kupepesa macho.

Basi Nyati na Pofu wakaingia pangoni, wakakaa. Tii… tii… tii… Walikula hapo, wakalala hapo. Ujana ukawapita hapo hapo, wakisikiliza. Kuvu ikawaota mgongoni. Kwato zao, kwa kutogusa ardhi, zikarefuka na kupinda kama ndoano.

Bibi Pimbi naye alizeeka, lakini bado alibeba kuni. Siku moja akaenda kuwajulia hali.

"Hodi, majirani!"

"Shhh!" wakasema wote wawili pamoja. "Tunasikiliza."

"Mzee Nyati, hebu simama nikuone."

Nyati akajaribu kuinuka. Magoti yakalia, kwa! kwa! Akarudi kitini, puu! Miguu iliyobeba magogo ilikuwa imekauka kama mabua.

Bibi Pimbi akaona nyuma yao safu ya viti vitupu, ikiishia gizani.

"Vile ni vya nani?"

"Vya waliostaafu," Nyati akanong'ona.

"Walipita wapi wakienda?"

Nyati akafikiri kidogo. "Sijawahi kumwona mtu akipita mlangoni."

Kesho yake Bibi Pimbi akarudi mapema. Kiti cha Pofu kilikuwa kitupu. Akakigusa. Kilikuwa bado na joto.

"Pofu yuko wapi?"

"Amestaafu," Nyati akasema, macho yake chini.

Nje, nyuma ya jabali, Chatu alikuwa amelala, tumbo limevimba, akiguna. "Uuuh! Uuuh!"

Bibi Pimbi alitaka kukimbia. Badala yake akasogea.

"Pole, Bwana Chatu. Tumbo?"

"Kuna kitu kinanichoma, Pimbi."

"Ni kwato za Pofu hizo. Mtu akikaa tu, kwato humrefuka. Na za Nyati ni ndefu zaidi! Ukimmeza yule, zitakupasua kutoka koo mpaka mkia."

Chatu akainua kichwa. "Nifanyeje?"

"Niachie mimi. Kila asubuhi nitamtembeza juu ya jabali langu linalokwaruza, mpaka ziishe. Wewe lala, chakula kishuke. Malipo yangu ni moja tu: usiwaguse wanangu."

"Sssss… Nimekubali. Fanya."

Bibi Pimbi akakimbilia ndani. "Mzee Nyati! Bwana Chatu ameagiza utembee. Ni sehemu ya kazi!"

"Mimi? Na magoti haya?"

"Mbishie mwenyewe basi, nikamwite?"

Nyati akainuka kwa kuegemea ukuta. Siku hiyo alifika mlangoni tu, akalia kwa maumivu. Siku nyingine alifika kwenye jabali. Kacha! kacha! kacha! Kwato zikaanza kusagika. Alilalamika, akamtukana Pimbi, akaanguka, akainuka tena. Polepole pumzi ikarudi, na mapaja yakajaa.

Siku moja wakiwa juu ya jabali, Bibi Pimbi akasema kwa sauti ya chini, "Jirani, Pofu hakustaafu."

"Najua," Nyati akasema. "Alikuwa kando yangu. Nilimsikia akiniita, Bibi Pimbi. Miguu ilikataa kusimama."

Tangu siku hiyo hakusukumwa. Alitangulia yeye.

Mvua zikaja zikaisha. Njaa ikamrudia Chatu. "Pimbi! Kwato zimeisha?"

"Zimeisha, Bwana wangu. Njoo uone."

Nyati alikuwa kitini, ametulia, akisikiliza. Tii… tii… Chatu akateremka ukutani taratibu, akamzunguka kifuani, akapanua kinywa.

"Mzee Nyati," akanong'ona, "muda wako wa kustaafu umefika."

"Ndiyo," Nyati akasema. Akasimama!

Kiti kikavunjika, pwaa! Nyati akajitikisa, Chatu akaanguka chini kama kamba iliyokatika. Akarusha teke, puu! Akarusha lingine, puu! Chatu akabamizwa ukutani, taya likamtoka mahali pake.

"Pimbi!" akaguna. "Ulisema zimeisha!"

"Nilisema kwato, Bwana Chatu. Miguu sikuitaja."

Nyati akatoka mbio, uzee wake na kuvu yake mgongoni, Bibi Pimbi ameng'ang'ania pembe, hadi nyumbani. Chatu mwenye taya lililoteguka hakummeza mtu tena, na pango lile mpaka leo watu hulipita kwa haraka.

Basi, wajukuu zangu, kazi ya kukaa isiwanyang'anye miguu ya uzeeni: inukeni mtembee mngali mnaweza.