Ngiri na Vilabu Vitatu vya Togwa

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu, lakini basi, nimekwisha kaa. Zamani sana, wanyama walipokuwa wakipika na kuuziana, Ngiri alitaka kufungua kilabu cha togwa. Mikono mitupu, maneno mengi. Akawaendea wenzake waingie naye ubia. Nyati akatoa debe la ulezi. Pimbi akatoa debe. Kanga naye akatoa debe, ila lake lilikuwa la mbegu.

"Bwana Ngiri," Kanga akasema, "mvua ikikaribia nirudishie debe langu. Nisipopanda, wanangu kumi na wawili watakula nini?"

"Ondoa shaka, Bi Kanga. Utalipata, na nyongeza juu."

Togwa ikatoka tamu, nzito. Siri yake ilikuwa moja: kila siku kata ya togwa ilibakizwa chunguni, ndiyo chachu ya kesho. Kila mwezi ulipoandama, kila mbia alipata kibuyu kimejaa. Foleni ikafika mtoni.

Ngiri akaiona foleni, akawashwa. Akafungua kilabu cha pili kisimani. Chachu akaigawa, nusu huku, nusu kule. Ulezi wa akiba akanunulia vigoda. Mwezi ukaandama, vibuyu vikaja nusu.

"Bwana Ngiri, debe langu lipo?"

"Lipo, Bi Kanga. Linakua."

Akafungua cha tatu njia panda. Chachu sasa kijiko huku, kijiko kule, kijiko kule kwingine. Vigoda tena. Mwezi ukaandama, vibuyu vikaja vitupu, lakini vimepakwa rangi.

"Bwana Ngiri, debe langu lipo?"

"Lipo, Bi Kanga. Linakua. Kwani hujaona vigoda?"

Siku moja Nyati akaonja togwa ya njia panda. Akameza. Akachungulia ndani ya kata.

"Huu ni uji," akasema.

Hakugomba. Akaenda moja kwa moja ghalani, akachukua debe lake. Pimbi alipomwona Nyati na debe kichwani, akakimbia akachukua lake. Na ghalani yalikuwa yamebaki madebe hayo mawili tu.

Kanga alifika wa mwisho, maskini, kwa sababu alikuwa bado anamwamini. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka.

"Bwana Ngiri, debe langu lipo?"

"Lipo, Bi Kanga."

"Liko wapi?"

Ngiri akamwonyesha vigoda. Sitini, vya mninga. Kanga akakaa juu ya kimoja, akalia. Kisha akakibeba, akakifukia shambani.

"Haya, Bwana Ngiri. Kipalilie mpaka kiote."

Ngiri akaona haya. Akapiga magoti, akaanza kuchimba kutafuta punje zilizodondoka. Ndiyo maana mpaka leo Ngiri hula amepiga magoti, pua udongoni, na Kanga yuko nyuma yake na watoto kumi na wawili, wanachakura.

"Lipo?"

"Lipo, Bi Kanga."

Funzo, kwa waliosinzia: kuongeza milango si kuongeza mtaji. Na mbia akishaonja uji, humrudishi kwa kigoda. Atakayekuta ghala tupu ni yule aliyekuamini kuliko wote.

Ngano yangu naifunika hapa. Nimealikwa nikaisimulie vijiji vitatu usiku huu huu. Nimekataa. Ninayo hii hii moja.