Bi Kanga na Udongo wa Mawio

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelala njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na chemchemi moja tu katika nchi ya wanyama. Kila baada ya misimu saba, walichagua mlinzi wake. Palikuwa na kambi mbili, Mawio na Machweo, na kila kambi ilikuwa na kiwanja cha udongo mbichi. Ukitaka kuwa mwanakambi, unakanyaga pale, unyayo wako unakauka. Wenye nyayo ndio waliochagua mgombea wa kambi yao. Halafu ikija siku kuu, kila mnyama, mwenye unyayo na asiye nao, alitumbukiza kokoto katika mtungi wa mgombea aliyemtaka.

Bi Kanga, yule ndege wa madoadoa, hakuwa na unyayo popote.

"Kambi siitaki, kambi siijui, kambi hainihusu! Kokoto yangu yanitosha."

Siku kuu ikafika. Mawio walimleta Nyati, aliyesema wadogo watakunywa wakubwa wakishaondoka. Machweo walimleta Fisi, aliyesema wadogo watakunywa kwa kutoa mayai. Bi Kanga akautazama mtungi huu, akautazama ule, kokoto ikamwelemea mkononi... samahani, mdomoni! Msinicheke.

"Nani katuletea hawa?" akauliza.

Kobe, mlinzi wa mitungi, akajibu, "Wenye nyayo, bibi."

Nyati akashinda. Misimu saba Bi Kanga alikunywa tope lililokorogwa na kwato, na vifaranga wake watatu wakafa kwa kiu. Alilia, jamani. Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Udongo mbichi ukamwagwa tena. Safari hii Digidigi, mnyama asiyefika goti la Nyati, akatangaza kugombea ndani ya Mawio. "Wadogo wanywe asubuhi maji yakiwa safi, wakubwa wanywe jioni," akasema.

Bi Kanga akamkimbilia Kobe. "Babu Kobe, nikikanyaga udongo wa Mawio, siku kuu nitalazimika kumpa mgombea wao kokoto yangu?"

"Nani atakulazimisha? Mtungini unakwenda peke yako."

"Kumbe!" Bi Kanga akaruka juu. "Na mimi nilidhani ni kujifunga kamba!"

Akaenda kwa kanga wenzake: "Twendeni tukakanyage!" Akaenda kwa kwale: "Twendeni tukakanyage!" Akaenda kwa sungura: "Twendeni tukakanyage!" Wakaja, wengine wakinung'unika, lakini wakaja.

Nyati akaangua kicheko. "Hiki nacho ni kiguu au kijiti? Kobe, huu utauhesabu?"

"Unyayo ni unyayo," akasema Kobe.

Siku ya kuchagua mgombea wa Mawio, wenye nyayo wakapanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Nyuma ya Nyati wakasimama vifaru, pofu na nyumbu, mstari mnene kweli. Nyuma ya Digidigi wakasimama kanga, kwale na sungura, mstari mwembamba, lakini ulizunguka kilima ukapotelea upande wa pili! Nyati akageuka kutazama, akageuka tena, akageuka mara ya tatu. Kicheko kikamwisha.

"Lakini ninyi ni wa juzi tu!" akafoka.

"Udongo umekauka, baba," Bi Kanga akamjibu. "Uliza nyayo."

Siku kuu Digidigi akapambana na Fisi. Bi Kanga akautazama mtungi huu, akautazama ule, na safari hii hakusita hata kidogo. Kokoto zikamiminika kwa Digidigi mpaka mtungi ukafurika, na nchi nzima ikapiga vigelegele! Ririririri! Pigeni na ninyi!

Asubuhi yake Nyati akaja chemchemini mbio, kiu imemkaba. Akamkuta Bi Kanga amesimama njiani, mabawa kayatanua.

"Jioni, baba," akasema Bi Kanga.

Na nyuma yake vifaranga wake wapya walikuwa wakinywa maji meupe, wakinywa, wakinywa mpaka wakashiba.

Hadithi yangu imefika kisimani. Mimi natua mtungi hapa.