Kesi ya Beseni Lililopungua

Niwape ngano?
— Tupe, tuipime!
Nikiitia chumvi?
— Tutaionja!

Zamani, wanyama walipokuwa wakichota maji kisima kimoja, mambo matatu yalikubaliwa na mashahidi wote. La kwanza: Mwalimu Kanga, aliyefundisha vifaranga, aliweka beseni la maji uwanjani, akachora alama ya mkaa pale yalipofikia. La pili: kila jioni, kwa siku tatu, maji yalikutwa chini ya alama. La tatu: kila jioni, kwa siku tatu, Fisi alikutwa amelala kando ya beseni, mdomo umelowa.

Mengine yote yalibishaniwa.

"Mwizi huyo!" alifoka Bi Mbuzi. "Afukuzwe kisimani!"

Fisi akapiga magoti. Kiangazi kilikuwa kikali, na kisima kingine hakikuwepo.

"Waheshimiwa, mifupa niliiba, nakiri. Viatu niliiba, nakiri. Ule ufagio nao, nakiri, ingawa haukuwa mtamu. Lakini maji? Kando ya beseni nilifuata ubaridi tu. Na haya mdomoni ni mate, Bi Mbuzi!"

"Mate gani yasiyokauka?"

"Nikikutazama wewe, yanazidi."

Vifaranga wakaangua kicheko. Mwalimu Kanga hakucheka.

"Kumkuta mtu kando ya maji si kumkuta akinywa," alisema. "Tupime. Fisi afungwe mtini, mbali. Mabakuli mawili yajazwe sawasawa, yawekwe juani. Moja lifunikwe kwa sahani, jingine liachwe wazi."

Bi Mbuzi akaleta kamba yake bora kabisa, ya ngozi ya ng'ombe. Ishikeni hiyo kamba akilini, wasikilizaji.

Fisi akafungwa, akangoja. Jua likawaka, likawaka, likawaka. Jioni vifaranga wakakimbilia mabakuli.

"La wazi limepungua!"

"La kufunikwa liko vile vile!"

"Mwalimu, sahani inatoka jasho kwa ndani!"

"Ndiyo maji hayo," alisema Kanga. "Joto huyageuza mvuke, na mvuke hupanda. Huu umezuiwa na sahani. Ule mwingine umekwenda zake angani, upoe, uwe wingu."

"Na wingu likishiba?" Bi Mbuzi alibeua midomo.

Wingu likajibu lenyewe. Pwa! Pwa! Pwa! Wote wakakimbilia chini ya paa, isipokuwa Fisi. Mvua ilipokatika, lile beseni la uwanjani lilikuwa limejaa hadi kwenye alama, na kuipita.

"Fisi hana hatia," aliamua Kanga. "Kisima ni chake kama kilivyo chetu. Mfungueni."

Wakaenda kumfungua. Kamba haikuwepo. Fisi alikuwa ameketi pale pale, mpole, mdomo umelowa.

"Kamba yangu iko wapi?"

"Ilipata joto, Bi Mbuzi. Imepanda."

"Imepanda!"

"Itegee beseni, itarudi na mvua. Mkiwa na shaka, leteni kamba mbili. Moja ifunikwe, moja iachwe wazi. Nitazilinda mimi mwenyewe."

Vifaranga wakatoka mbio kwenda kutafuta kamba.

Ngano yangu imenyesha, na sasa imekatika. Hakuna shahidi aliyemwona Fisi akitafuna. Basi hukumu ni yenu, wasikilizaji: ile kamba imekwenda wapi?