Kiti cha Kushoto cha Bi Salha

Sogeeni karibu. Kesi hii imenishinda mwenyewe, labda ninyi mtaiweza.

Lushoto walikuwapo mafundi watatu. Shekigenda, mchomeleaji, aliona kosa la unene wa uzi. Mwajabu, fundi umeme, aliweza kuufuata waya kwa vidole tu, macho kafumba. Mzee Hoza alitengeneza redio, na kipaji chake kilikuwa subira. Walifanana kwa jambo moja: kila mmoja alikula peke yake.

Bi Salha, mwalimu mstaafu, naye alikula peke yake. Marehemu mumewe alimwachia pikapu ya mwaka 1958, viti viwili, mbao za nyuma zimeoza. Dainamo yake, ya kuchaji betri, ilikuwa dhaifu. Ukiwasha taa na waipa kwenye ukungu, betri inakufa njiani. Basi miaka sita hakufika Mtae kwa dada yake, asiyeweza tena kutembea. Akanunua alternata, mtambo wa kisasa wa kuchaji betri, akatangaza:

"Atakayeliwezesha gari hili, kiti cha kushoto ni chake. Kila Jumamosi tutakwenda Mtae pamoja."

Shekigenda akaja. Alternata haikuenea mahali pa dainamo. Akatengeneza kishikio cha chuma, akakitupa. Cha pili, akakitupa. Cha tatu, mkanda wa injini unaoizungusha alternata ukanyooka.

Mwajabu akaja. "Kaka, usiwashe! Gari hili limeungwa kinyume, chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Ukiwasha, alternata yako inageuka mkaa." Akaigeuza betri, akavuta waya mpya mnene.

Wakawasha. Haikuchaji.

"Waya zako hizo, dada."

"Au kishikio chako. Ulipima kwa rula au kwa njaa?"

Bi Salha akacheka, akashtuka kuisikia sauti yake mwenyewe.

Mzee Hoza, aliyekuja akaishia kunywa chai tu, akaingia garini, akazikagua taa moja moja. "Taa nyekundu ya dashibodi mbona haiwaki?"

"Iliungua zamani. Dainamo haikuijali."

"Alternata inaijali, Mwalimu. Umeme wa kuiamsha unapitia humo."

Nyumbani, redio ya Mzee Hoza ilitumia betri kama ya gari, nayo ndiyo iliyomsemesha jioni. Akaenda akaing'oa taa ndogo ya redio hiyo, akaichomeka kwenye dashibodi. Tangu hapo hutafuta stesheni kwa kupapasa. Nyekundu ikawaka. Injini iliponguruma, nyekundu ikazimika: betri inachaji.

Siku zote tisa za kazi hiyo, sinia la Bi Salha lilikuwa na vikombe vinne.

Jumamosi asubuhi, ukungu mzito, wote watatu wakafika.

"Bila kishikio changu, alternata ingekuwa sakafuni."

"Bila mimi, ingekuwa majivu."

Mzee Hoza alijikung'uta umande begani. Alikuwa amevaa koti lake la Idi.

"Si mwende kwa zamu?" Bi Salha akasihi.

"Uliahidi mmoja, Mwalimu," wakajibu kwa pamoja.

Akasimama, mkono kwenye kitasa cha kushoto, injini ikiunguruma. Alijua wawili wataondoka, na hawatarudi kunywa chai.

Haya, wenzangu. Mkono ule ungekuwa wako, ungemfungulia nani?